Nilimnonesha Mwanangu ili Mama Mbula Anyamaze

Wenye ukurasa, jina langu lifunikeni kabisa, kwa maana huku Mbooni nikikohoa tu watu wanajua ni mimi. Nina miaka hamsini na tatu. Shule niliachia darasa la nne, lakini watoto sita nimewasomesha, na hakuna hata mmoja aliyeniletea aibu. Wa kwanza, nimwite Kioko, ndiye mkubwa wa kituo cha petroli kule Mtito Andei. Mkubwa, si wa kupanguza vioo vya malori!

Adui yangu nimwite Mama Mbula. Ameolewa na ndugu ya mume wangu, tunatenganishwa na ua tu. Mwaka mmoja wa njaa, Kioko akiwa darasa la tatu, huyu mama alisema kisimani mbele ya wanawake, "Huyo ni mtoto ama ni mwiko wa uji?" Wakacheka mpaka wakaweka mitungi chini. Sijasahau, na sina mpango wa kusahau.

Kioko alipopata kazi akawa mtu wa kiti siku nzima. Chakula chake chipsi, nyama ya kukaanga na soda pamoja na madereva. Akanona jamani! Tumbo likatangulia, shingo ikapotea. Akija nyumbani namchinjia jogoo, chapati zinaogelea kwa mafuta, chai ni sukari tupu. Halafu nampitisha mbele ya boma la Mama Mbula nikisema kwa sauti, "Pole pole baba, usichoke na huo mwili!"

Mke wake, Nduku, msichana wa adabu ninayekaa naye hapa bomani, ndiye aliniambia, "Mwaitu, mama yangu, Kioko anamaliza mtungi wa maji peke yake, na kidonda cha kidole cha mguu hakikauki." Hospitalini wakaambiwa ni ugonjwa wa sukari, na presha iko juu. Daktari akamwambia apunguze mwili. Ale muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, bila mafuta na mboga za shamba, apande vilima kwa miguu kama zamani. Akatii. Baada ya miezi michache suruali zikawa zinamwanguka.

Jumapili moja Mama Mbula akasimama wakati wa maombi. "Wapendwa, tumkumbuke kijana wetu wa Mtito. Mnaona vile amekonda. Hiyo barabara ya malori imemaliza wengi." Kila mtu alielewa ni ugonjwa gani anasema. Tangu siku hiyo wanawake wakaacha kunywa chai kwa Nduku.

Hapo ndipo nilikosea, nakubali. Nilimwambia Kioko, "Dawa si unameza? Kula mwanangu, wanatucheka." Nikampikia vile vya zamani, nikimficha Nduku. Akanona tena, tukaketi kanisani mstari wa mbele, mimi na kitambaa changu kipya. Haukupita muda akakatwa kidole, halafu mguu chini ya goti. Nduku hanikubalii tena kumpikia hata uji. Hajanitukana hata neno moja. Heri angenitukana.

Sasa nisikilizeni. Mama Mbula naye amenona. Kijana wake wa Nairobi anamletea soda kwa kreti, na sukari, na mikate. Juzijuzi alikuja kuomba chumvi, akaomba na maji. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Unyayoni amefunga kitambaa.

"Ni mwiba wa shambani," akasema, "lakini wiki ya nne sasa, hausikii dawa. Mama Kioko, wewe umeuguza. Unaonaje?"

Nilijua. Katika kijiji hiki hakuna anayejua kama mimi. Nikamjibu, "Ni mwiba tu, utapona." Nikampikia chai, na sukari nikatia kwa mkono wangu mwenyewe. Akanywa akasema, "Wewe mama, chai yako haina mwenzake!" Sasa anakuja kila jioni.

Msinihubirie kwamba ni dhambi, najua. Nataka siku moja nisimame mimi kanisani niwaambie wapendwa tumkumbuke. Lakini jana nilimwona akitoka kwangu akishika ua ili asianguke, na roho yangu ikakataa kufurahi vile nilikuwa nimepanga.

Wasomaji, nimwambie akimbie hospitali, ama nimwache aonje? Nishaurini haraka, nifanye nini? Maji ya chai nimeshateleka, na namsikia anapiga hodi.