Ukungu Kwenye Kibanda cha Uyoga

Leo nimefungua mfuko wa mkate, harufu ya ukungu ikanijia puani, nikajikuta nimebana pumzi kama nilivyofundishwa utotoni.

Huko kwetu Meru, Mama alikuza uyoga katika kibanda cha udongo nyuma ya migomba. Kina mama wenzake wa kanisa walimwachia majani makavu yote ya maharagwe yao, ambayo yangekuwa chakula cha ng'ombe wao. Aliyachemsha, akayashindilia kwenye mifuko pamoja na mbegu za uyoga, akaining'iniza darini. Asubuhi moja tulikuta mfuko mmoja umeota ukungu wa kijani.

"Usiguse!" Mama alisema kwa sauti nisiyowahi kuisikia. "Hiyo vumbi ya ukungu ikiruka, mifuko yote imeenda. Nitawaambia nini wenzangu?"

Kwa udogo wangu, mimi tu ndiye niliyeweza kupenya katikati ya mifuko bila kuigusa. Alinifunga leso mdomoni, akanifundisha kubana pumzi. Niliukumbatia ule mfuko, unyevu wake ukipenya hadi kwenye gauni, nikatoka polepole huku kifua kikiniwaka kwa kukosa hewa. Tuliuzika mbali, karibu na mto.

Tangu hapo Mama hakula vizuri, na mlango wa kibanda ulibaki umefungwa. Hatimaye aliufungua, akafumba macho.

"Angalia wewe, mwanangu. Ni nyeupe?"

Nilitazama mfuko mmoja mmoja. Yote ilikuwa myeupe, bila doa la kijani. Kwenye ule wa mwisho palichomoza uyoga, mdogo kama sikio la mtoto mchanga.

"Mama," nikasema, "fungua macho."