Maombi ya Chombo Kilichopita Neptuni

Agosti ile shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikuwa mwalimu asiyesomea ualimu, mwenye redio yake mwenyewe na maneno mengi kuliko mshahara. Nilikuwa nyumbani kwetu, juu kidogo ya soko la Tawa. Kila jioni nilitega sikio nipate habari za chombo cha angani ambacho, baada ya safari ya miaka kumi na miwili, kilikuwa kinaikaribia Neptuni. Kilipiga picha chenyewe na kuzituma, na hata kwa kasi ya mwanga zilichukua saa nne kutufikia. Nilizipenda sana hizo saa nne. Nikinywa chai ya asubuhi nilijiambia kwamba kitu kilichoonwa huko sasa hivi kitafika hapa wakati wa chakula cha mchana.

Mama hakuwahi kukaa darasani, lakini alinisikiliza huku akipepeta ndengu. Nilimwambia sayari ile ni ya buluu, na ina doa jeusi la dhoruba lenye ukubwa wa dunia yetu nzima.

"Sasa wakimaliza kuangalia, watarudi lini?" akauliza.

"Hakuna kurudi, mama. Ni kwenda moja kwa moja."

Akaacha kupepeta. Sikujisumbua kumweleza zaidi, maana redio ilikuwa inaendelea.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwethya, kile kikundi cha akina mama wanaolimiana kwa zamu. Tulikuwa tunachimba matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo. Kabla ya jembe kuinuliwa, kila mama alitaja mtu wa kwao aliye safarini, halafu mama yangu akawaombea wote. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu nikiwa mdogo. Siku hiyo aliwaombea wa Nairobi na wa Mombasa, kisha akawaombea vijana waliotumwa kupita jua, kwenye baridi na dhoruba, na waliowatuma hawakuwapangia njia ya kurudi. Aliomba kwa uchungu. Mama mmoja kando yangu alifuta machozi.

Nikacheka. Tena si kicheko cha kuficha mkononi, nilicheka mpaka nikashikilia mpini wa jembe. "Mama, mnaombea mashine," nikasema. "Hakuna mtu ndani."

Wengine nao wakacheka, hata yule aliyekuwa akilia. Mama akasema amina, akainama, akaanza kuchimba. Wiki iliyofuata alipoombwa aongoze maombi, alisema sauti imemwisha, akampisha mwingine.

Septemba nilipata kazi katika shule moja Kitui. Kwetu hakuna aliyewahi kutoka boma lile na sanduku bila mama kumwekea mkono begani na kumwombea kwa sauti. Mimi alinibebea sanduku hadi barabarani, akaniambia, "Haya, fika salama," kama anavyomwambia mgeni. Nililia njia nzima. Nilikuwa na hasira naye, halafu hasira ikageuka ikanielekea mimi mwenyewe, na huko ikakaa. Kumbe nilitaka kutajwa.

Desemba nilirudi, tukaenda kupalilia mahindi ya jirani. Akina mama walitaja wasafiri wao. Zamu yangu ilipofika nilisema nina msafiri mmoja, chombo kilichopita Neptuni, na ninaomba mama yangu akiombee. Walikuwa wananiangalia mdomo, waone kama nitacheka.

"Kina mtu?" mama akauliza.

"Hakina, mama."

"Na hakirudi."

"Hakirudi. Lakini waliokituma bado wanakisikia."

Alilaza jembe chini polepole. Alianza kwa sauti ndogo, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuitumia. Alimwambia Mungu kuna kitu cha watu kiko mbali huko, kinafanya kazi peke yake, basi asikiache. Nilidhani amemaliza. Ndipo nikasikia mkono wake begani, mzito, una udongo.

"Na huyu niliyemtuma mimi," akasema, "huyu awe anarudi."