Sinema Bubu ya Mkuyuni na Posa ya Shangazi Nyamizi

Enzi zetu, ninyi mliokulia Mkuyuni mtanishuhudia, sinema ya parokia yetu ilikuwa haisemi, maana mashine ya padri ilikuwa kuukuu, na picha zake zilikuwa za zamani. Jumapili mchana madirisha ya ukumbi wa parokia yanazibwa kwa mablanketi, tunabanana na karanga zetu za kuchemsha, mashine inaanza kunguruma, na Wazungu wanafungua midomo bila sauti. Mwenye kuwasemea alikuwa Mama Koku, Mhaya mshona nguo, mwanamke wa maneno jamani! Maandishi ya kwenye picha hakuyajua hata moja. Alitazama uso tu akajua mtu anasema nini, nasi hatukuwahi kudai ushahidi.

Wakati wa vita vya Kagera ikaletwa picha ya ndugu wawili waliompenda binti mmoja. Mkubwa akaenda vitani, asisikike tena. Mdogo akaanza kuja na maua. Watu wakaanza kutugeukia, maana kila mtu alijua nyumbani kwetu kuna nini. Masanja, mchumba wa shangazi yangu Nyamizi, alikuwa vitani na habari zake zilikatika. Mahari ilishatolewa, na ng'ombe wale babu alishawatumia kumlipia baba mdogo mahari. Sasa wakwe walitaka Nyamizi apewe Luhende, mdogo wake Masanja, na babu, ambaye hakuwa na cha kurudisha, alikuwa anaelekea kukubali. Shangazi mwenyewe hakuulizwa.

Wakwe hao walikaa benchi la mbele. Kwenye kitambaa cheupe cha sinema, baba wa binti akamshika mwanawe mkono ampeleke kwa yule mdogo. Midomo ya binti ikacheza. Mama Koku akasimama, akamsemea: "Baba, mimi nimeposwa na mtu, sikuposwa na ng'ombe. Kama amekufa, niacheni kwanza nimlilie. Halafu mniulize."

Kumbe picha inayofuata binti kavaa shela, anaolewa na mdogo! "Hiyo ni ndoto," akasema Mama Koku bila kupepesa macho. Tukaitikia wote, "Ndoto!" Hata Luhende aliitikia. Nilimpenda yule mama siku ile, na nampenda mpaka leo.

Kesho yake baba yake Masanja akaja kumwambia babu wasubiri. Vita vilipokwisha tukaletewa taarifa kwamba Masanja hatarudi. Shangazi akamlilia mchumba wake kwa nafasi, bila kusumbuliwa na mtu. Muda mrefu ukapita, ndipo Luhende akaja peke yake, bila wazee, akamuuliza kama angependa kuolewa naye.

Leo wajukuu wao huko Igoma kila mmoja ana simu yake na spika za masikioni. Filamu zinasema kila kitu, na hakuna anayeitikia. Mapenzi wanayajua kuliko sisi, ndivyo wanavyosema, na mimi sibishani nao. Juzi mmoja alichomoa spika, akamuuliza bibi yake kama kweli alimpenda babu Luhende, au alimkubali kwa ajili ya marehemu kaka yake tu. Shangazi alicheka mpaka akakohoa.

"Nilimpenda siku aliponiuliza," akasema.