Mkate wa Kumi na Tatu

Wifi yangu alipofiwa na mumewe, kaka yangu, alibaki na watoto watatu na tanuri la mikate. Tukawalea pamoja: yeye anaoka, mimi nakanda unga. Mteja wetu mkubwa alikuwa hospitali. Bila hospitali, jiko la nyumbani lisingewaka.

Kwenye kila dazeni wifi aliongeza mkate mmoja.

"Wifi, mimi napima donge bichi," aliniambia. "Moto unakula kiasi gani, ajuaye ni Mungu. Sitaki kumpunja mgonjwa."

Kisha tukajenga tanuri jipya, kali kuliko la zamani, na madonge tukakata kwa kipimo kilekile. Asubuhi moja afisa wa vipimo akatukuta jikoni hospitalini. Akaweka mkate mmoja kwenye mizani, akaweka wa pili. Yote miepesi.

"Mama, hii pungufu. Nikiandika hivi, kazi hapa huna tena."

Wifi akanywea. Mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo.

Mpishi mkuu, mwanamke mwenye mdomo tuliyemwita Chiriku, akaweka mwiko chini. "Kaka, mbona unapima nusu nusu? Fungua mfuko uhesabu dazeni ya huyu mama. Au vidole vimekuishia?"

Afisa akahesabu. Kumi na mitatu. Akaipima yote kwa pamoja, ikazidi uzito wa dazeni, ingawa kidogo tu.

Afisa akacheka. "Kumbe. Waingereza wana msemo, dazeni ya mwokaji, maana yake kumi na tatu. Inasemekana waokaji wao wa zamani waliogopa adhabu ya kuuza mkate mwepesi, wakawa wanaongeza mmoja. Wewe nani alikufundisha?"

"Hakuna. Na mimi niliogopa tu."

"Ulituogopa sisi?"

"Nyinyi hata sikuwajua, baba."

Afisa akatuagiza tuongeze ukubwa wa donge, akaenda zake. Hakuandika kitu.

Kesho yake tulikata madonge makubwa. Nikamuuliza wifi kama sasa tuuache ule wa nyongeza.

"Kwani moto umeacha kula?"

Watoto wote wamesoma kwa tanuri lile, na Chiriku tunampelekea mkate wake hadi leo, ingawa amestaafu na mdomo haujastaafu. Mimi ndiye ninayefunga mifuko. Ule mmoja nautia mwisho, nikisema alhamdulillahi.