Kuku yangu balikatala ku hôpital

Leo balinirudisha nyumba na kuku yangu. Musicheke kwanza.

Hôpital moja ya hapa Butembo ilikuwa inanunuaka maharagi yote ku dépôt moja tu kubwa ya chakula. Mwezi hii bakaniita na miye, mama wa soko, nilete mifuko tano.

Donc leo nikaleta maharagi, na kuku juu yake. Kwetu mutu akikupa kazi, hauendi kwake mikono mitupu.

Papa mwenye kununuaka chakula akaangalia kuku, akaniangalia.

«Mama, hii ya nini?»

«Ya aksanti, papa. Mulinisikilia huruma.»

Bureau yote bakageuka kutuangalia. Haya ilinikamata!

«Hapana huruma, mama. Camion ya dépôt ilikwama njiani, kule Kanyabayonga, bagonjwa bakakosa chakula. Sasa tunanunua kwa batu mingi: moja akikwama, bengine banaleta. Na maharagi yako ni safi. Rudisha kuku.»

Nilitoka na machozi. Miaka yote ku soko nilizania naombaka batu huruma, kumbe nafanyaka kazi!

Ku mulango, mama mupishi akaniuliza nani anauzishaka mayai. Nikamupa jina ya jirani yangu, Mama Kavira.

Aksanti Mungu.

Mama Kavira, bakikuita, kuku ibakie nyumba.