Moshi Ndani ya Mtungi wa Plastiki

Mama alipofariki alituachia mbuzi wachache na gorfa mbili. Gorfa ni chombo cha maziwa tunachosuka kwa nyuzi za mizizi, na kabla ya kutiwa maziwa hufukizwa kwa vijiti vya mzeituni wa porini mpaka ndani kunanukia moshi. Baba alikuwa ametangulia. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, kwa hiyo niliacha shule nikaanza kuuza maziwa mtaani Bulla Pesa, yakija na lori kutoka malishoni Kulamawe.

Miaka ya sabini ilipokuwa ikiisha, mitungi ya plastiki ikaingia. Ilikuwa miepesi, na ikirushwa kutoka kwenye lori haikupasuka. Tuliinunua sokoni ikiwa imeshatumika. Mingine ilikuwa ya mafuta ya kupikia, mingine ya dawa ya kuogeshea mifugo. Tuliisugua kwa mchanga na maji moto. Lakini wateja hawakutaka maziwa yasiyo na moshi, basi sisi wanawake wa maziwa tukafanya tulivyojua: tuliweka makaa na vijiti kwenye mkebe, tukainamisha mdomo wa mtungi juu yake. Plastiki ililainika, ikapinda. Maziwa yakawa na harufu mbili, na ile ya pili tukaizoea.

Mdogo wangu anayenifuata aliolewa karibu, na kila asubuhi nilimpelekea maziwa. Mimba yake ya kwanza ilitoka kabla mtoto hajaanza kucheza. Ya pili vivyo hivyo. Hospitalini aliambiwa apumzike na ale vizuri. Mama mkwe wake akaanza kusema, kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanawe ataoa mwingine.

Alipopata mimba ya tatu sikuweza kutulia. Nikifua, niliacha nguo kwenye maji nikaenda kumtazama. Mbuzi wetu wa nyumbani, waliokunywa maji kwenye mtungi wa dawa tuliokuwa tumeukata katikati, nao walikuwa wakitupa mimba. Wale wa Kulamawe kwa mjomba, waliokunywa kisimani, walizaa. Mjomba alisema ni malisho. Labda. Lakini wazo la mitungi lilikuwa limeshaniingia.

Nikashusha gorfa ya mama ukutani, nikaituma Kulamawe ijazwe, nikampelekea.

"Kuanzia leo unakunywa kwa hii tu."

Alicheka. "Dada, unanirudisha porini? Mama mkwe ataniona mshamba."

"Yeye alizaa watoto wangapi?"

"Saba."

"Alikunywa maziwa kwa chombo gani?"

"Kwa gorfa."

"Basi nipe na hicho kikombe chako cha plastiki."

"Hata kikombe?"

"Hata kikombe."

Kila asubuhi nilifika nikiuliza kabla ya salamu. "Anacheza?"

"Dada, hata uso sijanawa."

Nilirudi sokoni nikapima maziwa nikikosea, nikizidishia watu. Halafu asubuhi moja nilimkuta mlangoni. Aliuchukua mkono wangu akauweka tumboni, na kitu kikausukuma kutoka ndani.

Alijifungua salama. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Nilikuwa nimeondoa kila kitu kwa mara moja: mtungi, mabaki ya dawa, moshi wa plastiki, kikombe. Sikujua ni kipi kilikuwa kimemdhuru, au kama kweli kilikuwa chochote zaidi ya mapenzi ya Mungu. Siku hizi redioni wanasema plastiki hutoa kemikali zinazovuruga homoni, na kwamba kidogo cha hii na kidogo cha ile, vikikutana mwilini, huleta madhara ambayo kimoja peke yake kisingeleta. Wakati ule neno homoni sikuwa nalo. Nilikuwa na mbuzi na mdogo wangu tu.

Mitungi sikuweza kuiacha. Gorfa hubeba kidogo, na wadogo zangu walikula kutokana na ile mitungi. Niliacha kuifukiza, nikakataa ya dawa, wateja wakanung'unika kwamba maziwa yangu yamekuwa maji. Gorfa ya pili niliiweka kando kwa wenye mimba, na hapo ikabidi niulize.

"Una mimba?" nilimwuliza mke wa dereva mmoja wa lori.

"Wewe dada, nimekuja kununua maziwa. Sikuja kupimwa."

"Unayo au huna?"

Akageuka kutazama kama kuna anayesikia. Kisha akaisogeza sufuria yake upande wa gorfa.