Malai ya Ng'ombe wa Baba

Shangazi yangu alipima maziwa kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyefanikiwa kumchezea. Watu walimwita Mama Kipimo, mbele yake na nyuma yake. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Kwa hiyo baba, hata alipoota mvi, alivua kofia kila alipoingia kwenye chumba chake cha kupimia.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo: meza ya vigae, beseni, rafu ya vichupa vyenye shingo nyembamba, na mashine ya kuvizungusha iliyopiga kelele kama ina kinyongo na mtu. Shangazi alichanganya maziwa na tindikali, akayazungusha, kisha akasoma shingoni mafuta yamefika wapi. Ya baba yalifika nne kwa mia, siku zote. Alikuwa na ng'ombe wawili tu, lakini malai yao ungeweza kuyachota kwa kijiko. Ile nne ndiyo iliyokuwa fahari yake. Hakuwa na nyingine, maskini.

Mwaka ule majani yalikauka mapema, kipimo kikashuka hadi tatu na nusu. Shangazi akamtania mbele ya foleni: "Vipi mdogo wangu, siku hizi unakamua bomba?" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini mimi binti yake nilimwona uso ulivyombadilika.

Kesho yake alinunua dumu la mafuta ya alizeti. Hesabu yake ilikuwa rahisi: ukitaka mafuta yatoke, tia mafuta. Akawa anamwaga kikombe kizima juu ya pumba za kila ng'ombe, asubuhi na jioni. Aliniambia nisimwambie mtu, maana watasema anatia mafuta kwenye maziwa. Nikafunga mdomo. Ningekuwa na akili ningeufungua.

Maziwa yaliongezeka kidogo, lakini malai yakapungua. Tatu. Mbili na nusu. Baba akaongeza kikombe cha pili.

Shangazi alikuwa na kifaa kingine, cha kuelea, kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji. Kikaonyesha hayana maji. Kwake yeye, maziwa yasiyotiwa maji na yasiyo na mafuta yalikuwa na maana moja tu: mtu ameengua malai nyumbani. Aliyapima mara tatu, kwa sababu alimpenda ndugu yake. Kisha akatoka na dumu la baba, akalitua mbele ya foleni nzima.

"Yameenguliwa haya. Siyapokei."

"Dada, sijayagusa."

"Usiniite dada hapa. Hapa mimi ni mpimaji."

"Dada, naapa..."

"Mwizi ni mwizi, hata kama tumetoka tumbo moja."

Baba alivaa kofia yake, akabeba dumu, akaondoka. Hakukanyaga tena kituoni. Kila asubuhi alimimina maziwa kwenye bakuli, akangoja malai yapande, akautazama ule utando mwembamba, kisha akaongeza mafuta kwenye pumba. Alisema malai yakirudi atampelekea dada yake bakuli zima. Ng'ombe wakaanza kusaza majani na kuharisha. Mwezi wa pili tangu siku ile, moyo wake ulisimama akiwa zizini, ndoo mkononi. Alikufa akiitwa mwizi na mtu aliyemlea.

Shangazi alikuja mazishini, akalia mpaka sauti ikamkauka, lakini neno nililokuwa nalisubiri hakulisema. Nilimchukia siku ile, sitaficha.

Baada ya mazishi alikuja kunisaidia kukamua. Nyuma ya hori akaliona dumu la mafuta.

"Hili la nini?"

Nikamweleza yote. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tukamwita bwana mifugo, akalitikisa lile dumu, akasikitika.

"Mafuta mengi hivi yanavuruga tumbo la ng'ombe," alisema. "Yanageuka humo ndani, yanakizuia kiwele kutengeneza malai. Kadiri anavyoyala, ndivyo maziwa yanavyotoka mepesi. Acheni kumpa, mrudishieni nyasi, malai yatarudi."

"Shangazi, hukulijua hilo?" nilimuuliza.

"Mimi najua vichupa, mwanangu. Ng'ombe siwajui."

Tuliacha mafuta, na majani nayo yalikuwa yameanza kuota tena. Kila asubuhi alipima yale maziwa kabla ya mengine yote. Mbili na nusu. Tatu. Wiki ya nne, nne kamili. Nilikuwepo. Alikishika kile kichupa kwa mikono miwili, akatoka nacho nje, akasimama palepale alipolitua dumu la baba.

"Mdogo wangu hakuengua," aliiambia foleni. "Nilimsingizia."

Mzee mmoja aliyekuwepo siku ile alitua dumu lake chini.

"Mama, angesema mtu mwingine tungebisha," alisema kwa upole. "Tungesema kipimo kimekosea. Lakini wewe ndiye uliyemlea. Tukajua unamjua kuliko sisi."